Maswali ya Wasomaji: Ulimwengu Utarudi Ndani Tena, ama Ndio Umeenda Milele?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kwamba ulimwengu unapanuka na kasi yake inaongezeka, na mkatuandikia kweli kweli. Meseji zimeingia kutoka Kisumu, Kakamega, Bungoma, Nakuru mpaka Busia, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani huu ulimwengu unaenda wapi na kama kulishawahi kuwa na mwingine kabla yake. Siwezi kujibu zote kwa ukurasa mmoja, nimechagua tano, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa juu ndiyo inabeba zingine zote.

Swali: Hujambo Mwalimu. Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu. Niliskia kwa redio ati ulimwengu unapanuka alafu siku moja utarudi ndani, ujibane wote, ulipuke tena, na ati hii imekuwa ikifanyika tangu zamani bila mwanzo. Wiki hiyo hiyo nikaona video mtu anasema hapana, kuna nishati ya giza inasukuma kila kitu mbali na hakuna kurudi. Sasa ni nani anasema ukweli?

Sijambo fundi, na asante kwa swali zuri. Wote wawili wana kipande cha ukweli, lakini mimi nitakwambia msimamo wangu mapema: ile hadithi ya kurudi ya kizamani imekufa, mizunguko yenyewe haijafa, na kinachonisisimua mimi mpaka leo ni kwamba hiyo nishati ya giza yenye watu walidhani imeua mizunguko ndiyo sai inaiendesha kwa nadharia mpya.

Hebu turudi nyuma kidogo. 1922 Mrusi anaitwa Alexander Friedmann alichukua hesabu za Einstein za graviti akaonyesha kwamba ulimwengu unaweza kutanuka ama kusinyaa, na akaandika wazi kwamba kuna uwezekano wa ulimwengu unaotanuka kisha ukarudi, tena na tena. 1927 padri Mbelgiji, Georges Lemaître, akaunganisha hesabu za namna hiyo na galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, zenye zilikuwa zinaonekana zikitukimbia, na 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vyake kule Marekani, galaksi ikiwa mbali zaidi ndivyo inavyoenda kwa kasi zaidi. Kwa vipimo vya siku hizi galaksi iliyo umbali wa miaka-nuru milioni 100 (mwaka-nuru ni umbali mwanga unaoenda kwa mwaka mmoja) inatuacha kwa kama kilomita 2,100 hivi kila sekunde.

Kuanzia hapo mpaka miaka ya 1990 mjadala ulikuwa ni kasi hiyo inapungua kiasi gani. Kila kitu chenye uzito kinavuta kingine, kwa hivyo karibu kila mtu aliamini lazima upanuzi unapoa polepole. Kama vitu vilivyomo ni vingi vya kutosha, upanuzi utasimama, utageuka, galaksi zitarudiana mpaka kila kitu kibanane kwa joto la ajabu, na labda kutoka hapo mlipuko mwingine. Hiyo ndiyo mizunguko ya zamani, na ndiyo huyo wa redio alikuwa anasimulia.

Lakini hata kabla nishati ya giza haijajulikana, hadithi hiyo ilikuwa na ugonjwa wake. Miaka ya 1930 Richard Tolman wa California aliipigia hesabu akakutana na tatizo la entropi, yaani ile vurugu na joto lililotawanyika lenye haliwezi kujipanga upya likawa kama halikuwahi kutokea. Nyota zikiwaka zinaacha mionzi, na mionzi hiyo haipotei wakati ulimwengu unajibana, inabebwa hadi mzunguko unaofuata. Kwa hivyo kila mzunguko unakuwa mkubwa na mrefu kuliko uliopita, na ukihesabu kwenda nyuma mizunguko inakuwa mifupi, mifupi zaidi, mpaka unafika mahali lazima kulikuwa na ule wa kwanza. Watu wengi waliipenda nadharia hii kwa sababu ilionekana kuondoa swali la mwanzo, na Tolman akaonyesha kwamba swali bado liko pale pale.

Alafu ikaja 1998. Wewe uko Kisumu kwa hivyo hii utaishika haraka. Usiku usio na mwezi simama pale Dunga uangalie ziwani, utaona taa za wavuvi wa omena. Ukijua taa zote ni za aina moja na mwanga wake ni sawa, ile inayoonekana hafifu ndiyo iko mbali, na ukipima uhafifu wake unapata umbali bila hata kuingia kwa mashua. Wanaastronomia wana taa yao ya namna hiyo, inaitwa supanova ya aina ya Ia. Kwa maelezo yaliyozoeleka ni nyota iliyozeeka ikabaki kiini kidogo kizito sana, kibete nyeupe, ikiongezewa uzito mpaka karibu mara 1.4 ya Jua inalipuka yote. Milipuko hiyo inakaribiana sana kwa mwanga, na zile zenye mwanga zaidi huzimika polepole zaidi, kwa hivyo hata tofauti ndogo iliyobaki inasahihishwa.

Timu mbili zilikuwa zinashindana, moja ya Saul Perlmutter na nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zote zikitaka kupima upanuzi unapunguza kasi kiasi gani. Zikakuta kinyume. Supanova za mbali zilikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa, ziko mbali kwa kama asilimia 10 hadi 15 zaidi ya vile zingekuwa hata kwa ulimwengu wenye vitu vichache vya kuvutana. Maana yake upanuzi unaongeza kasi. Fikiria timu mbili, kompyuta tofauti, supanova nyingi ni tofauti, watu wanaotamani kumkosoa mwenzao, na jibu ni lile lile. Ndio maana hao watatu walipewa Nobel 2011.

Kinachosukuma kikaitwa nishati ya giza, juu hakuna mtu amekiona, tunajua tu tabia yake. Ukipima vyote vilivyomo ulimwenguni, vitu vya kawaida kama wewe na mimi na nyota zote ni kama asilimia 5, mata ya giza, yaani vitu visivyoonekana vyenye tunavijua kwa mvuto wake tu, ni kama 27, na iliyobaki, karibu 68, ni hiyo nishati. Tabia yake kubwa ni kwamba haipungui nafasi ikiongezeka, ama kama inapungua ni kidogo sana. Mata, yaani vitu vyenye uzito, ikitawanyika inakuwa nyembamba, hii inabaki vile vile kwa kila mita ya ujazo. Kwa hivyo zamani ulimwengu ukiwa mdogo graviti ndiyo ilikuwa inashinda, na kama miaka bilioni 6 hivi iliyopita mata ikawa imetawanyika vya kutosha mpaka nishati ya giza ikashika usukani. Einstein mwenyewe 1917 alikuwa ameweka namba ya namna hii kwa hesabu zake akitaka ulimwengu utulie, akaja kuitoa, na sai imerudi kwa kazi nyingine kabisa.

Ukiishia hapo basi wa video ameshinda, ulimwengu wenye umri wa miaka bilioni 13.8 utaendelea kutanuka, galaksi za mbali zitatoweka kwa macho yetu, nyota zitaisha mafuta na giza litatawala. Lakini hiyo inasimama juu ya wazo moja, kwamba nishati ya giza haitabadilika kamwe. Na hakuna mtu ana haki ya kuahidi hivyo.

Hapo ndipo anaingia Neil Turok. Huyu ni mtu wa bara letu, alizaliwa Johannesburg 1958, wazazi wake walipigana na ubaguzi wa rangi mpaka familia ikatoroka, na sehemu ya utoto wake aliishi kama mkimbizi hapa Kenya na Tanzania kabla ya kwenda London. 2002 yeye na Paul Steinhardt wa Princeton walichapisha nadharia mpya ya mizunguko, na ujanja wake uko hapa: wanasema nishati ya giza si ya milele, ni awamu tu. Kwanza inatanua ulimwengu kwa muda mrefu ajabu, mzunguko mzima unaweza kuwa miaka trilioni hivi, na kwa kufanya hivyo inatawanya mata, mionzi, hata mashimo meusi, mpaka kila eneo linabaki karibu tupu na laini. Alafu nishati yenyewe inaoza, kunakuja kujikunja polepole, kisha mlipuko mwingine. Umeona vile Tolman amejibiwa? Entropi haikuharibiwa, imetawanywa mbali sana kiasi kwamba eneo letu linaanza upya likiwa safi. Ile kazi ya kusafisha nyumba inafanywa na nishati ya giza. Kwa toleo lao la kwanza mlipuko ulitoka kwa kugongana kwa kuta mbili za anga zilizotenganishwa na kipimo cha ziada ambacho hatukioni. Baadaye Steinhardt na Anna Ijjas wakatoa toleo lingine, 2019, lisilohitaji kuta hizo, ambapo ulimwengu unajikunja kidogo tu na kugeuka kabla haujafika kwa ule mbano ambao hesabu zinashindwa kuueleza.

Kuna pia Roger Penrose wa Uingereza, aliyepewa Nobel 2020 kwa kazi yake ya mashimo meusi. Yeye anasema hata kurudi hakuhitajiki. Ulimwengu ukitanuka mpaka vyote vyenye uzito viishe na ibaki mionzi peke yake, basi hakuna tena kitu cha kupima ukubwa wala muda, na ulimwengu mkubwa sana bila kipimo unafanana kihesabu na ulimwengu mdogo sana, kwa hivyo mwisho wa mmoja unakuwa mwanzo wa mwingine. Ni wazo zuri mno kulifikiria, lakini mimi sijashawishika. Linataka hata elektroni zipoteze uzito wake, jambo ambalo hakuna kipimo kimeonyesha, na zile alama alizosema zinaonekana kwenye mionzi ya kale ya anga, yaani ule mwanga uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, timu zingine zilipozitafuta zilikuta zinaweza kutokea kwa bahati tu.

Nadharia ya Steinhardt na Turok naiheshimu zaidi kwa sababu imejiweka mahali inaweza kuuawa. Nadharia pinzani, ile ya mfumuko wa ghafla mwanzoni, kwa matoleo yake mengi inatabiri mawimbi ya graviti ya zamani ambayo yangeacha alama fulani ya kujisokota kwenye mwanga wa mionzi hiyo ya kale. Nadharia ya mizunguko inasema mawimbi hayo ni madogo mno, hayatapimika. Machi 2014 timu ya darubini ya BICEP2 kule Ncha ya Kusini ilitangaza imeyaona, na kwa miezi kadhaa ilionekana mizunguko imekwisha. Mwanzoni mwa 2015, wakishirikiana na watu wa satelaiti ya Planck, ikabainika sehemu kubwa ya alama ile ilikuwa vumbi la galaksi yetu wenyewe. Mpaka sai mawimbi hayo hayajapatikana. Siku yakipatikana kwa uhakika, nadharia yao inaanguka, na wamesema hivyo wenyewe.

Na kuhusu nishati ya giza kuoza, kuna habari kutoka mlima wa Kitt Peak, Arizona. Hapo kuna chombo kinaitwa DESI, kina roboti ndogo 5,000 zinazoelekeza nyuzi za kioo kwa galaksi 5,000 kwa mpigo, na kimechora ramani ya galaksi kwa mamilioni. Aprili 2024, alafu tena Machi 2025 kwa data nyingi zaidi, walionyesha kwamba ukichanganya vipimo vyao na supanova na mionzi ya kale, hesabu inaelekea kwa nishati ya giza inayodhoofika. Kiwango cha uhakika, chenye tunakipima kwa sigma (ikiwa kubwa zaidi, uwezekano wa kuwa bahati tu ni mdogo zaidi), kilikuwa sigma 2.8 hadi 4.2 kutegemea umetumia supanova zipi, na kwa fizikia hatuiti kitu ugunduzi mpaka sigma 5. Kwa hivyo fundi, mtu akikuambia imethibitishwa, mkatalie. Na hata ikithibitishwa, kudhoofika peke yake hakutoshi, lazima iendelee kushuka mpaka ipite sifuri na kuanza kuvuta. Lakini lile neno milele la wa video, hilo sai limetikisika, na mimi nafuatilia kila toleo la data zao kwa hamu kubwa.

Swali: Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha fizikia shule ya sekondari huku Kakamega. Wanafunzi wangu waliniuliza, kama hii nishati iko kila mahali na inasukuma, mbona haisukumi Dunia mbali na Jua, ama hata meza na kiti hapa darasani? Niliwaambia nitawajibu wiki ijayo.

Mwalimu, wapongeze hao watoto. Jibu liko kwa kiasi. Nishati ya giza kwa kila mita ya ujazo ni sawa na uzito wa atomi chache za haidrojeni, kama kilo 6 ukigawanya kwa 1 yenye sifuri 27, hapana, niiandike vile mtaiandika ubaoni: 6 × 10⁻²⁷ kg. Waache wachukue ujazo wa Dunia nzima, karibu 1.08 × 10²¹ mita za ujazo, wazidishe. Watapata kama miligramu 6 na nusu. Dunia yote, na nishati ya giza iliyomo ndani yake haifiki hata uzito wa punje moja ya mchele.

Sasa wachore mpira mkubwa ambao Jua liko katikati na njia ya Dunia ndiyo ukingo wake, nusu-kipenyo kilomita milioni 150. Ndani ya mpira huo nishati ya giza ni kama tani 85,000 hivi. Jua lina kilo 2 × 10³⁰. Hata ukikumbuka kwamba msukumo wake unahesabiwa mara mbili ya uzito huo, juu shinikizo lake hasi nalo linachangia, bado hakuna mashindano hapo, Jua linavuta vile linataka. Galaksi yetu nayo imeshikana, na jirani yetu Andromeda, aliye umbali wa miaka-nuru milioni 2.5, anatukaribia kwa kama kilomita 110 kwa sekunde. Nishati ya giza inashinda pale tu nafasi ni kubwa na mata ni chache, kati ya makundi ya galaksi. Huko utupu ni mwingi mno, na hizo atomi chache kwa kila mita ukizijumlisha zinazidi kila kitu kingine.

Hiyo hesabu ya Dunia ni somo zuri la namba za sanifu, kidato cha pili wanaiweza bila shida.

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nakuru, mtaa wa Section 58. Kijana wangu amerudi kutoka chuo anasema ulimwengu hauna mwanzo, unazunguka tu, na kwamba hiyo inaonyesha hakuna Mwumba. Nyumbani hatulali. Unasemaje?

Mama, shikamoo, na pole kwa hizo kelele za usiku. Kijana amekimbia mbele ya ushahidi. Hakuna nadharia ya mizunguko imethibitishwa, na kama nilivyomwambia fundi wa Kondele, ile ya zamani yenyewe ilikuwa inahitaji mwanzo. Lakini nami nakuomba usitumie Mlipuko Mkuu, yaani wazo kwamba ulimwengu ulianza mdogo na moto sana kisha ukatanuka, kumshinda, kwa sababu mtu aliyeuwaza wa kwanza, Lemaître, alikuwa padri, na 1951 Papa Pius XII alipozungumza kana kwamba sayansi imethibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Aliona kwamba nadharia inaweza kubadilika kesho kukiwa na kipimo kipya, na imani ya watu isifungwe kwa kitu kinachobadilika. Mwache kijana asome hesabu zake, na mwambie mimi nimesema akuonyeshe kipimo, asikuonyeshe video.

Swali: Habari. Mimi ni nesi hapa Kericho, nafanya zamu za usiku, nikasoma mahali ati ulimwengu unaweza kuanza kurudi nyuma hivi karibuni. Kweli nikaingiwa na woga. Karibuni ni lini?

Dada, lala vizuri ukitoka zamu. Ulichosoma kinatokana na kazi ya 2022 ya Cosmin Andrei, Anna Ijjas na Paul Steinhardt. Waliuliza, kwa data tulizo nazo, kama nishati ya giza inaoza, ni mapema kiasi gani kurudi kunaweza kuanza bila sisi kuwa tumeshagundua? Wakapata kuongezeka kwa kasi kunaweza kwisha ndani ya miaka milioni 65, na kujikunja kuanza ndani ya milioni 100. Kwa umri wa ulimwengu hiyo ni karibuni, kwa umri wa mtu si kitu. Na hata kukianza kutaenda polepole sana kwa mabilioni ya miaka. Tena hicho ni kikomo cha chini, hawakusema kitatokea.

Kuna na ile nyingine ya kutisha, kwamba nishati ya giza ikiongezeka nguvu badala ya kupungua itararua galaksi, nyota, mpaka atomi. Robert Caldwell na wenzake waliihesabu 2003, na kwa mfano waliotumia kulikuwa kumebaki miaka kama bilioni 22. Jua letu litakuwa limeshavimba na kuzeeka kitambo kabla ya hapo, miaka kama bilioni 5 kutoka sasa.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Bungoma. Nataka kufanya hii kazi ya nishati ya giza maishani. Lakini watu wananiambia hiyo ni ya wazungu wenye teleskopu. Nianzie wapi?

Kijana wangu, hao watu waambie satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya anga ilirushwa kutoka pwani yetu, jukwaa la San Marco karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel 2002. Waambie pia Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika kwa ule mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA unaojengwa Afrika Kusini na Australia. Na hapo ulipo uko karibu na ikweta, inayopita Maseno, kwa hivyo anga yako ina nyota za kaskazini na za kusini zote mbili, kitu mtu wa London hana.

Shuleni shikilia hesabu na fizikia bila mchezo, hasa hesabu. Chuo Kikuu cha Nairobi wana digrii ya astronomia na astrofizikia, lakini hata fizikia ya kawaida chuo chochote kizuri itakufikisha. Baadaye kuna AIMS, taasisi za hesabu za Afrika ambazo huyo huyo Neil Turok alianzisha Muizenberg, Cape Town, 2003, na sasa ziko pia Rwanda, Ghana, Senegal na Cameroon. Wanachukua vijana wenye digrii kutoka bara zima kwa masters, na wengi wanasomeshwa kwa udhamini.

Lakini usingoje chuo. Data zenyewe ziko wazi kwa intaneti bila malipo, hata za DESI toleo la kwanza zilifunguliwa Machi 2025, ingawa hizo ni kubwa mno kwa bando yako. Wewe tafuta Pantheon+, mkusanyiko wa supanova 1,550 uliotolewa 2022, faili yake ya umbali ni ndogo, saiba yoyote hapo mjini itaifungua kwa spredishiti. Utaona safu nyingi, wewe unahitaji mbili tu: redishifti, yaani mwanga umenyooshwa kiasi gani njiani, iandike z, na moduli ya umbali, yaani namba inayoonyesha supanova inaonekana hafifu kiasi gani ukilinganisha na mwanga wake halisi. Moduli igeuze iwe umbali hivi: toa 25, gawanya kwa 5, alafu pandisha 10 kwa kipeo hicho. Jibu ni megaparsek, na kila moja ni miaka-nuru milioni 3.26.

Chora grafu, z chini, umbali wima. Kisha kwa grafu hiyo hiyo chora mstari wa ulimwengu bapa (yaani ambao nafasi yake haijapinda) wenye mata peke yake bila nishati ya giza. Chukua 300,000 (kasi ya mwanga, kilomita kwa sekunde) ugawanye kwa 73 (kasi ya upanuzi, kilomita kwa sekunde kwa kila megaparsek), zidisha kwa 2, alafu zidisha kwa (1 + z) ukiwa umetoa kipeuo cha pili cha (1 + z). Kwa z ya 0.5 mstari huo utakupa kama megaparsek 2,260, na supanova zako zitakuwa zimekaa juu yake, karibu 2,700. Pengo la namna hiyo ndilo walilogundua 1998, na utakuwa umelipata mwenyewe kwa log za kidato cha pili.

Ukimaliza jaribu na mstari wa ulimwengu mtupu usio na chochote: 300,000 gawanya kwa 73, zidisha kwa z, zidisha tena kwa (1 + nusu ya z). Supanova za z ya 0.5 zitakuwa bado juu kidogo. Alafu angalia zile za z kubwa kuliko 1, ni chache, linganisha zinavyokaa na huo mstari wa pili, utaona pengo linapungua, kwa sababu wakati ule graviti ilikuwa bado inashinda. Tuma picha ya grafu kwa namba ya gazeti, na kama kuna safu ya data imekusumbua taja jina lake vile limeandikwa kwa faili ili nikujibu vizuri toleo lijalo.